Vilima asubuhi, bahari jioni: kuzunguka na baskeli kutoka Mombasa

Mtu akiniuliza njia gani nzuri ya kutoka na baskeli hapa Mombasa, mimi humuuliza kwanza anataka kwenda mwezi gani. Manake huku kwetu ukitaka safari ya baskeli ikukae vizuri usianze na ramani, anza na upepo. Manahodha walilijua hili zamani sana, jahazi zilikuja na kaskazi zikaondoka na kusi, na hakuna aliyejaribu kushindana, lakini sisi wa baskeli tunaamka tu Jumamosi tunapanda tunaenda alafu saa nane mchana tunashangaa mbona miguu imekufa.

Iko hivi. Kaskazi inavuma kama Desemba mpaka Machi, inatoka kaskazini mashariki, na ndio miezi ya joto kali. Kusi inaanza kushika karibu na Mei mpaka Septemba hivi, inatoka kusini mashariki, hali ya hewa inakua na ubaridi kidogo. Katikati kuna masika ya Aprili na Mei ambayo mi sitoki safari ndefu kabisa, na vuli ya Oktoba na Novemba ambayo mvua yake inakuja inakwenda, unaweza kubahatisha. Sasa angalia barabara zetu, barabara ya pwani yote inakwenda kaskazini na kusini, Malindi huko na Lunga Lunga huku. Kwa hio wakati wa kaskazi zunguka upande wa Kilifi, ili ukirudi Mombasa upepo uwe mgongoni, na wakati wa kusi zunguka upande wa Kwale na Diani, ili ukirudi Likoni usukumwe. Na kila mara anza na vilima asubuhi mapema, kabla jua halijakomaa, alafu teremka pwani. Asubuhi upepo ni mdogo, mchana ule wa baharini unazidi nguvu, kwa hio ukiwa umepanga vizuri ule upepo wa mchana ndio unaokurudisha nyumbani.

Mimi nililijua hili kwa shida. Mara ya kwanza nilienda Diani mwezi wa Januari, kwenda nilikua nakwenda kama niko kwenye mteremko, nikajiona mwenyewe niko fiti, nikakaa ufuoni mpaka saa nane. Kurudi kutoka Ukunda kaskazi ilikua imesimama usoni, jua la utosi, chupa moja ya maji, nikafika Tiwi nikashuka nikaanza kusukuma kwa mguu kwenye barabara ambayo haina hata kilima cha maana. Nilifika Likoni magharibi inaadhiniwa na kichwa kinaniuma mpaka kesho yake. Barabara ilikua ile ile ya asubuhi, kilichobadilika ni upepo tu.

Sasa baskeli. Usisubiri mpaka upate ya bei. Wale wazee na vijana wanaobeba mikate, maziwa na madumu ya mnazi kutoka mashambani wanapanda Black Mamba, ile nyeusi ya chuma isiokua na gia, na wanapandisha mlima nayo. Lakini kama ni safari ya kujifurahisha na una vilima mbele yako, gia ni muhimu, na gia nyepesi hasa, ile ambayo unazungusha miguu kwa haraka lakini baskeli inatambaa polepole. Tairi ziwe nene kiasi, sio zile nyembamba za mashindano, manake ukitoka tu kwenye lami kuingia vijijini unakutana na udongo mwekundu na mchanga. Breki zijaribu ukiwa na mzigo, sio ukiwa mtupu. Watu wengi wanajaribu breki nje ya duka la fundi, baskeli haina kitu, inasimama vizuri, alafu wanafunga kilo 15 nyuma na kuteremka nayo kutoka Kwale, hapo ndo wanajua kwamba breki ya bila mzigo na breki ya mzigo ni vitu viwili.

Pancha nayo utapata, hilo usijidanganye. Beba tyubu moja mpya, viraka, gundi, msasa mdogo, vyuma viwili vya kutolea tairi na pampu. Lakini kubeba hivyo vitu sio kujua kuvitumia. Kuna fundi mmoja mzee upande wa Mazeras, anakaa chini ya mwembe na beseni lake la maji, nilimpelekea baskeli baada ya kupata pancha ya tatu pahala pamoja nikidhani tyubu yangu ni mbovu. Hakugusa hata tyubu kwanza. Alichukua kipande cha pamba, akakipitisha polepole ndani ya tairi, mzunguko mzima, vidole vyepesi kama mtu anayepapasa nguo kutafuta sindano. Pamba ikanasa. Pale iliponasa kulikua na ncha ya mwiba wa mgunga ndogo hata jicho halioni, imezama ndani ya mpira, kila tairi ikikanyaga chini inachungulia kidogo inatoboa tyubu. Akaing'oa kwa koleo akaniwekea kiganjani. "Mwanangu, wewe ulikua unaziba shimo, mwiba umeuacha ndani." Tangu siku hio kipande cha pamba hakikosi kwenye mfuko wangu, na pancha ikiingia natafuta mwiba kabla ya kutafuta shimo.

Mzigo ufunge kwenye kareja kwa mipira ya tyubu kuukuu, ile iliokatwa vipande virefu, inashika kuliko kamba na haikuruki kwenye makorongo. Vitu vizito viweke chini na pembeni, vyepesi juu. Beba kikoi, kikoi kinafanya kazi nyingi sana, ni taulo, ni shuka, ni kivuli, na ni heshima ukitaka kuingia pahala pa watu ukiwa na kaptula ya baskeli. Maji usipungue lita 3 ukiwa unaelekea vilimani wakati wa kaskazi, na moja wapo tia chumvi kidogo, sukari na ndimu, manake jasho la Pwani linatoka na chumvi yote, ukinywa maji matupu siku nzima jioni unabanwa misuli usiku hulali. Madafu yapo njiani karibu kila pahala, kunywa moja kula na nyama yake, hio ni dawa.

Haya, mzunguko wa kwanza, huu wa kusi. Jumla inakaribia kilomita 90 kwa siku moja, kama hujazoea igawe mara mbili ulale Diani. Toka mjini alfajiri, kwenye saa kumi na moja na nusu uwe umefika feri ya Likoni. Saa hio umati mkubwa unatoka Likoni kuja mjini kazini, wewe unakwenda kinyume chao kwa hio feri unayopanda haijajaa sana. Shuka kwenye baskeli kabla ya kuanza ule mteremko, sukuma kwa mkono, kaa pembeni na wenye miguu, na usikanyage ukingo wa chuma wa ile lango la feri haraka haraka, unateleza kwa maji ya chumvi na mafuta. Ukishuka upande wa pili usikimbie kupanda, subiri magari yapande kwanza alafu panda polepole. Kwa wanaotoka Changamwe na Mikindani kuna njia ya Dongo Kundu siku hizi inayotokea Kibundani bila feri, lakini ile ni barabara ya malori na madaraja yake marefu yako wazi kwa upepo, mimi bado napendelea feri.

Kutoka Likoni unapita Shika Adabu, Ng'ombeni, minazi pande zote, barabara inapanda na kushuka taratibu, hapo usitumie nguvu, pasha miguu tu. Kombani ndio pa kukata kulia kuelekea Kwale, na ndio pahala pa kula. Mahamri na mbaazi za nazi, chai ya rangi au ya maziwa, ukishiba ndio unaanza kupanda. Kutoka feri mpaka Kwale mjini ni kama kilomita 30, na hii nusu ya pili ndio yenye kazi. Mji wa Kwale uko juu kama mita 400 kutoka usawa wa bahari, na wewe umetoka baharini pale pale, kwa hio huo urefu wote unaupanda kwa miguu yako.

Kupanda kuna ufundi wake. Badilisha gia kabla mlima haujakubana, sio ukishabanwa, manake ukibadilisha huku umeikandamiza pedali cheni inaruka au inakatika. Kaa kwenye kiti, mikono ilegee, pumua kwa kuhesabu, na usimwangalie mwenzako aliyetangulia. Kuna mwenzangu mmoja anapenda kutangulia kila mlima kwa kusimama kwenye pedali, na kila mara tunamkuta Golini amekaa chini amejishika magoti. Mlima wa Kwale ni mrefu zaidi kuliko ulivyo mkali, anayekwenda mdogo mdogo ndiye anayefika. Na ukigeuka nyuma pahala miti inapoachia unaiona bahari kule chini imekua mstari wa buluu, hewa imepoa, unasikia harufu ya msitu, hapo ndo nakumbuka kwa nini naamka usiku.

Juu kule kuna hifadhi ya Shimba Hills, ndio pahala pekee Kenya palahala, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma, anaishi porini, na kuna tembo wengi. Usichukulie baskeli kama gari ya safari. Barabara ya kuendelea Kinango inapita karibu na msitu, usiipite alfajiri wala magharibi, ndio saa za tembo kuvuka, na ukikuta kinyesi kibichi barabarani simama uulize wenyeji kwanza. Ukitaka kuingia hifadhini nenda getini uzungumze na askari wa wanyamapori uulize unaingiaje, watakuambia. Na chakula ukifiche, nyani wanakijua kishindo cha mfuko wa plastiki.

Kuteremka kurudi Kombani ndio pa kuangalia zaidi. Usibane breki mfululizo, rimu zinapata moto na mpira wa breki unaisha. Bana, achia, bana, achia, ya nyuma na ya mbele kwa pamoja, na mwili urudi nyuma kidogo. Boda boda zinapanda na watu watatu, mbuzi wanavuka, watoto wanatoka shule. Nenda kama mtu anayetarajia kila kona ina kitu.

Ukifika Kombani kata kulia tena, Tiwi, alafu Ukunda, na Ukunda unakata kushoto kwenda Diani. Kwenye barabara ya Diani tazama juu utaona ngazi za kamba zimefungwa kutoka mti huu mpaka mti ule, hizo wamewekewa mbega wavuke bila kukanyagwa na magari. Ufuoni unaweza kuendesha maji yakiwa yamepwa, mchanga ule wa chini ulio na unyevu umekaza vizuri, hasa siku za bamvua ambapo maji yanakwenda mbali. Uliza wavuvi maji yanajaa saa ngapi, wao hawakosei. Upande wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini karibu na ule msikiti wa zamani wenye mibuyu, watu wanavuka kwa miguu maji yakipwa, lakini ukiwa na baskeli na mzigo na maji yanaanza kujaa rudi barabarani. Alafu saa tisa hivi, kusi ikiwa imekamilika, toka Ukunda uelekee Likoni. Hutaamini. Unakaa wima kwenye kiti mgongo wako unakua tanga.

Wenye siku mbili au tatu wanaweza kuendelea kusini, Msambweni, Ramisi, mpaka Shimoni kwenye mapango ya watumwa na mashua za kwenda Wasini. Barabara imetulia zaidi, minazi inapungua inakua mashamba. Panga tu usiku wako mapema, na kumbuka kwamba kwenda unakula upepo wa kusi usoni, kwa hio siku ya kwanza iwe fupi.

Mzunguko wa kaskazi ndio ninaoupenda mimi zaidi, na ndio watu hawaujui. Ni zaidi ya kilomita 120, kwa hio ni siku mbili, unalala Kilifi. Ubaya wake ni mwanzo tu. Kutoka kisiwani mpaka Mazeras ni barabara ya Nairobi, malori ya bandari, vumbi, moshi, na mimi sioni ushujaa wowote wa kupita pale na baskeli. Tia baskeli kwenye matatu au pikapu, elewana na dere bei kabla, toa gurudumu la mbele, ushuke Mazeras. Kama lazima uendeshe basi iwe Jumapili kukipambazuka, na taa nyuma.

Mazeras unaiacha ile barabara kubwa unakata kuelekea Rabai, na ghafla kelele zinaisha. Ni vilima juu ya vilima, si mirefu lakini haikuachi, unapanda unashuka unapanda, minazi, mikorosho, miembe, nyumba za makuti zimekaa kwenye vichuguu. Rabai ndipo wale wamishonari wa Kijerumani, Krapf na Rebmann, walipojenga kituo chao mwaka 1846, na ni kutoka hapo Rebmann alitoka akaenda akaiona Kilimanjaro 1848. Alitembea kwa miguu. Huwa nalifikiria hilo nikianza kunung'unika kwenye mlima. Kuna jumba la makumbusho dogo hapo, simama, pumzika, jaza maji.

Mbele yake unapita nchi ya Waribe, Wakambe, Wajibana, mpaka Kaloleni, na kuanzia hapo Wachonyi mpaka barabara inashuka Mavueni. Huku juu ya vilima kuna kaya, misitu ya wazee wa Kimijikenda, ambayo UNESCO iliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kwa nje utaona msitu tu mzito umebaki peke yake katikati ya mashamba. Usiingie. Usiingize baskeli, usikate hata kijiti, usipige picha. Ukitaka kuona, tafuta mzee wa kaya kupitia watu wa kijiji, omba, na akikataa imekataliwa. Nimeona vijana wamesimamisha baskeli zao kwenye mlango wa kaya wanapiga picha, mama mmoja aliyekua anapita na kuni akasimama tu akawatazama bila kusema neno, na nilihisi aibu mimi ambaye hata sikua nao.

Salimia watu. Huku vijijini ukipita kimya na miwani yako watu wanakuona mwenye kiburi. Mzee au mama mwenye umri, shikamoo, hata kama unapumua kwa shida kwenye mlima. Watoto watakukimbilia, wapungie mkono lakini usiwarushie peremende, watakuja kukimbilia barabarani wakitafuta. Ukihitaji maji au choo, misikiti ya pembeni mwa barabara ni rehema, vua viatu, jifunge kikoi, usiingie wakati watu wako kwenye swala. Mwezi wa Ramadhani vijiji vya ukanda wa pwani kama Takaungu mikahawa inafungwa mchana, beba chakula chako na ule pembeni, si mbele ya watu waliofunga. Mnazi wa Kaloleni unasifika na utaletewa kwa ukarimu, kama unakunywa basi subiri mpaka umalize kuendesha siku hio. Kushuka Mavueni na kichwa kizito ni kujitafutia makubwa.

Siku ya pili toka Kilifi asubuhi ukiwa umeoga na umelala, na kaskazi inaanza kukusukuma. Mkonge wa Vipingo unapita pande zote mistari kwa mistari, alafu Kikambala, alafu Mtwapa. Kabla ya daraja la Mtwapa, kama una saa moja, kata kushoto ukaone magofu ya Jumba la Mtwana chini ya mibuyu ufuoni, ni kivuli kizuri kuliko hoteli yoyote. Kuanzia Mtwapa kuja mjini msongamano unaanza, Shanzu, Bamburi, Bombolulu, matatu zinaingia na kutoka bila kuangalia. Usijibane kushoto kabisa kwenye mchanga, ukikaa pale matatu inakukata mbele kila kituo. Kaa mahali unapoonekana, nyosha mkono ukitaka kubadilisha upande, vaa kile kizibao cha kuakisi cha watu wa boda, na ukisikia lori linapiga honi nyuma mara mbili ondoka barabarani, haki yako utaidai siku nyingine.

Ukishavuka daraja la Nyali umefika, lakini kazi haijaisha. Kabla ya kuoga wewe, ioshe baskeli kwa maji matamu, si kwa pampu ya nguvu, ndoo na kitambaa tu. Hewa yetu ina chumvi na ufuoni umeokota mchanga, ukiiacha ilale hivyo siku mbili cheni inashika kutu rangi ya chai. Futa cheni mpaka ikauke, tia oili tone moja kila kiungo, zungusha pedali kinyume, futa ile inayobaki nje manake oili nyingi inakusanya vumbi. Alafu pitisha pamba ndani ya tairi.